Nyanya Ninazonunua kwa Simu

Musaga, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Natumaini karatasi hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba lile goti limekupa nafuu tangu mvua zipungue huko Kalemie. Mimi ni mzima, mkweo Amani naye ni mzima. Kaa vizuri, Zawadi akusomee kwa sauti kubwa, maana kuna mambo ambayo simu na masikio yako haviwezi kuyabeba.

Binamu alipotoka hapa alikuambia kwamba Mapendo haendi tena sokoni, anajilaza kitandani na kununua nyanya kwa simu kama bibi wa Ulaya. Najua ilikuuma, wewe uliyenifundisha kuibonyeza nyanya karibu na kikonyo kabla ya kuitia kikapuni. Ni kweli, nilikuwa nanunua kwa simu. Ila sababu sikumwambia binamu, na wewe nilikuficha. Nilikuwa na mimba, Mama. Daktari alinikataza kusimama, isipokuwa kwenda msalani, kwa ajili ya zile mbili zilizoharibika. Mara mbili ulilia pamoja nami. Nikasema ya tatu, kama itafika huko, nitalia peke yangu. Unisamehe.

Amani huondoka alfajiri na bidhaa zake kwenda mpakani Gatumba, na akirudi soko limeshafungwa. Ikabidi nijifunze.

Nilianza na duka kubwa la mjini. Kwenye simu wanakuonyesha picha, karoti zimeoshwa hadi zinang'aa. Lakini wanataka namba ya nyumba, na sisi wapangaji tunaishi vyumba vya nyuma, uani kwa mwenye nyumba, namba tutaitoa wapi? Tena hawaleti kidogo. Ni lazima uagize vya wiki nzima, kama mtu mwenye friji, na mimi nina jiko la makaa na ndoo mbili. Siku dereva wao alipofika alipiga simu: "Madame, toka barabarani. Mi siingii uani, ndani ya paseli za watu." Nikatoka. Nilibeba mchele wa wiki nzima mwenyewe mpaka chumbani, na siku mbili tumbo likaniuma. Daktari alinigombeza kama mtoto. Halafu mafuta ya gari yakakosekana mjini, na wao wakanyamaza kabisa.

Nikahamia kwa vijana fulani wa baiskeli. Hao hawana shida ya mafuta, na wana heshima, wanaingia hadi mlangoni. Ila nikiagiza sombe ya majani ya muhogo wanaleta kabichi. Nikiagiza ndagala wadogo wa ziwani wanaleta sardini ya kopo. Ukiuliza wanacheka: "Mama, yote ni samaki." Na chakula cha mchana kinafika jioni.

Ndipo jirani akanipa namba ya Esperance. Ni mama wa makamo kutoka Gatumba. Maji ya ziwa yaliichukua nyumba yake, sasa anapanga chumba kama sisi. Hana picha wala duka. Asubuhi anasimama sokoni na kukutumia sauti yake: "Mapendo, mboga ya lengalenga ya leo ni laini. Samaki ya mukeke iko mumoja muzuri, nikuwekee?" Swali lake la kwanza kabisa lilikuwa: "Mulango wako ni upi hapo ndani?" Anapima vya siku moja, nyanya tatu, mafuta kikombe kidogo. Sombe anakuja nayo imeshatwangwa. Alikuwa akiingia, anaweka kila kitu mahali pake, ananiuliza kama nimekunywa maji, ndipo anaondoka.

Sasa sikia, Mama, na usishituke. Asubuhi moja Amani ameshavuka mpaka, wapangaji wengine wako kazini, tumbo likanikamata na nikaona damu. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi, simu imezima. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikajikokota hadi karibu na mlango, nikabaki sakafuni.

Nikasikia viatu uani.

"Hukujibu ujumbe wangu," Esperance alisema kabla hajafungua vizuri. "Nikajiuliza, mutu wa kukaa kitandani, amekwenda wapi?" Aliponiona akatupa kikapu. Alikaa chini, akakiweka kichwa changu mapajani pake, akampigia simu mteja wake wa mtaa wa Kibenga, mzee mstaafu mwenye gari.

"Mzee, samaki yako iko na mi hapa Musaga. Kuja uichukue. Na utapeleka mama mumoja hospitali."

Sikusikia mzee alijibu nini. Nilisikia Esperance tu: "Apana, Mzee. Sasa hivi."

Alikuja. Baadaye nilijua kwamba yale yalikuwa mafuta ya mwisho ya gari lake, aliyoyaweka kwa safari ya harusi ya ndugu.

Mama, una mjukuu. Ni msichana. Alitangulia siku zake, akaenea katika viganja viwili vya Amani, na majuma mengi alilala katika sanduku la joto. Sasa ananyonya kwa fujo. Amani alitaka tumwite Esperance. Mwenyewe alikataa: "Apana. Mupeni jina la bibi yake. Mi nitamuletea ndizi."

Kwa hiyo anaitwa Sifa, kama wewe.

Nisalimie baba mdogo fundi viatu, shangazi wa kwaya, na Zawadi anayekusomea. Mwambie asilie kabla hajamaliza. Goti likikuruhusu, uje. Mwandiko wa mwisho umepinda, nivumilie: amelala kifuani pangu, naandikia juu ya mgongo wake na sitaki aamke.

Binti yako akupendaye,
Mapendo