Baba, Mashine Yako Haikufa Yenyewe

Baba,

Asubuhi ya leo nimeiwasha mashine yako ya kukereza mbao na haikupiga kelele. Nimetaka ulisikie hilo kwanza, kabla sijakueleza nilichomfanyia rafiki yako, maana nakujua, utaanza kunituliza. Usinitulize. Nina hasira ya wiki tatu na bado naihitaji.

Caleb anaoa Jumamosi. Ndiyo, Caleb huyo huyo aliyekuwa akimaliza chapati kabla wageni hawajafika. Uliahidi kwamba kila mtoto wako atatia sahihi cheti chake cha ndoa kwa kalamu uliyoikereza wewe. Yangu ninayo. Ya Caleb uliiacha nusu: kipande cha mpini wa mwiko wa nyanya yetu, ule aliosongea ugali mpaka ukawa mweusi, umeshakitoboa na kugandisha mrija wa shaba ndani yake. Kilibaki kukerezwa tu. Nilikikuta ndani ya kopo la kahawa stoo, kimeandikwa "Caleb" kwa penseli. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka Mama akaja kuuliza kama nimeumwa na nge.

Lakini mashine haikuwepo. Rafiki yako Baba Brayo wa Plano aliichukua wiki mbili baada ya kukuzika. Alimwambia Mama kwamba anataka kuwakerezea kalamu watu wa ofisini kwake, kwa kumbukumbu yako. Mama angemkatalia vipi? Ndiye aliyekushika mkono hospitalini, ndiye aliyeongoza maombi ya kila jioni pale nyumbani, na kamati ya harusi ilikuwa imemchagua asimame mahali pako siku ya Caleb. Nilipokwenda kuichukua alinibebea mpaka kwenye gari, huku akitikisa kichwa.

"Hii machine imechoka, Nduku. Baba yenu hakuwa anai-service. Imekufa tu yenyewe."

Nami nilimwamini. Hapo ndipo panaponiuma. Kutoka Plano mpaka kwangu Missouri City, saa nne nzima na ushee za barabara za Texas, niliendesha nikikulaumu. Nilisema, kama ulitufichia ugonjwa wako, mashine nayo si ungeiacha tu ijifie. Nisamehe, Baba.

Nilifanya kila kitu kama ulivyonifunza. Nilipangusa tundu la shafti inayozunguka, nikapangusa kile kijiti cha chuma kinachobeba mbao, nikakisukuma ndani yake kwa kiganja. Ulikuwa ukiniita mum na kunionya: "Kwa kiganja, mum. Kikikataa, kuna uchafu. Pangusa tena." Nikawasha. Mashine ikanguruma kama blenda iliyotiwa kokoto. Nikafikiri ni uzee, ule uzee niliohubiriwa, nikaendelea polepole na patasi yako. Hilo ni kosa langu na nalikubali. Nilipaswa kuzima pale pale. Nilipokuja kuzima, upande mmoja wa mbao ulikuwa mnene na upande wa pili umekwisha. Shaba ilikuwa inachungulia, utepe mwembamba, urefu wa ukucha. Mwiko wa nyanya, Baba! Na hakuna kipande kingine. Kilichobaki ni ule upande bapa wa mwiko, hauwezi kutobolewa.

Kwanza nilishuku kijiti kimepinda. Nikakibingirisha juu ya meza ya kioo, kikaenda sawa. Basi nikachomoa waya ukutani, nikashika mdomo wa shafti kwa vidole viwili nikautikisa. Ukacheza. Tok, tok. Nikafungua kichwa chote cha mashine, skrubu nikizipanga kwenye trei ya mayai nisije nikazichanganya. Ndani ya kifuniko nikakuta mwandiko wako wa penseli: "Beringi mpya." Chini yake umeandika mwezi, na ni mwezi mmoja tu kabla hujalazwa. Ulikuwa huwezi kupanda ngazi bila kupumzika, na bado ulikaa ukaibadilishia beringi, zile zinazoishika shafti isicheze.

Halafu nikautazama mdomo wa shafti kwenye mwanga. Ulikuwa umepondeka kuzunguka kote, umejaa alama za nyundo.

Nilimpigia Baba Brayo simu nikiwa mpole ajabu. Ungenisikia ungeogopa. "Uncle, hii machine ilikuwa inakusumbua?" Akacheka. "Aii, ilikuwa inanitesa! Hiyo chuma ilikuwa inachomoka kila saa, nikaigongagonga na hammer kidogo ikashika." Kidogo! Alipiga mpaka beringi zikafa, kwa sababu tu alikuwa mvivu wa kupangusa maranda. Kisha akakusingizia wewe, ambaye huwezi kujibu.

Jumapili kamati ilikutana kwa Mama, mjini Euless. Nilienda na shafti na kifuniko nimevifunga kwenye leso, nikaviweka mezani katikati ya mandazi na thermos ya chai. Nikamwomba Baba Brayo arudie aliyoniambia kwa simu.

"Mimi sikumbuki kitu kama hiyo," akasema. "Kwani hii ni meeting ya wedding ama ya spare parts?"

Watu wakacheka. Nikawaacha wamalize. Nikawapitishia ile shafti, kila mtu aguse zile alama kwa kidole chake, na kifuniko, wasome mwandiko wako. Kisha nikasema mtu aliyekusingizia ukiwa kaburini hawezi kusimama mahali pako. Hapo hakuna aliyecheka. Caleb ndiye aliyemaliza, bila hata kuinua sauti: "Uncle, Mum ndiye atasimama."

Baba Brayo aliondoka chai yake ikiwa nusu. Najua nilipaswa kumhurumia, na nilijaribu kidogo, lakini nilichosikia ni raha tupu. Mama ameninunia tangu siku hiyo. Anasema nimemwaibisha mtu mzima mbele ya watu. Kweli nimemwaibisha. Nilikusudia.

Beringi mpya nimezitia mwenyewe, na shafti nyingine. Nimeandika mwezi chini ya mwandiko wako. Kalamu nimeimaliza kwa msasa, taratibu, lakini ule utepe wa shaba siwezi kuuficha. Mbao ikishaondoka hairudi. Nilipompa Caleb aliupitishia kidole gumba mara mbili, akaitia mfukoni. Sijui kama ananishukuru au ananilaumu. Bado siwezi kumuuliza.

Jana Baba Brayo alinitumia ujumbe: "Nduku nisamehe kama nilikukosea." Kama! Na kwani mimi ndiye aliyekosewa? Sijamjibu.

Basi kwaheri, Baba, nina nguo ya Mama ya kupiga pasi. Nakuahidi kwamba Jumamosi akija nitampa kiti kizuri na sahani iliyojaa, kwa sababu ulimpenda. Lakini mkono wangu hataupata, si Jumamosi, si Krismasi, si hata tukizeeka wote katika Texas hii, mpaka aende mbele ya Mama aseme kwa kinywa chake: "Marehemu aliitunza mashine yake. Mimi ndiye niliyeivunja."

Wewe pumzika. Hili niachie mimi.

Binti yako,
Nduku