Aliyesema Njoo

Jumatano, 6 Agosti

Nimefua shuka za kitanda cha pili. Nimeanika, nimekunja, nimetandika, nimetandua, nimetandika tena. Shangazi asema zitachanika kabla hazijalaliwa.

Kesho Maryam na Zuhura, rafiki zangu wa utotoni, wanafika kutoka Pemba. Wataletwa na mjomba wake Zuhura, mwenye shughuli zake Mombasa. Miaka miwili nasoma hapa Malindi, na sijatembelewa na mtu wa kwetu wa rika langu.

Shuleni nafasi ipo, Januari. Shangazi amekubali kumpokea Maryam. Kilichobaki ni Maryam aupende mji, kisha mama yake aseme ndiyo. Nataka sana. Sijamwambia mtu ninavyotaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimewazungusha. Sokoni, mnara wa Wareno, maduka yenye maandishi ya Kitaliano. Zuhura alisimama kumsikiliza mzee wa kofia na kanzu akibishana na mzungu kwa Kitaliano. Hakutaka kuondoka.

Tukivuka barabara nikamwambia Maryam, "Kuja huku." Wote wawili wakasimama katikati ya njia wakicheka.

"Kuja?" Zuhura akasema. "Yakhe, njoo imekufa lini?"

Ni shuleni tu. Wenzangu wengi wametoka bara, wao husema kuja. Na yakhe sijaitamka siku nyingi, hapa hakuna wa kumwambia. Maryam akasema hata sauti yangu si ile. Nikimwita gizani hatanijua. Ulikuwa utani. Nimeumia kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Marafa. Lile korongo ni jekundu, halafu jeupe, halafu rangi ya nyama. Joto la kuziba pumzi. Mama wa Kigiriama aliyetuongoza alisema palikuwa na kijiji, watu wakioga maziwa, ardhi ikawameza. Akatuomba tusipige kelele tukishuka.

Maryam akapiga. Jina lake mwenyewe. Likarudi mara moja tu, safi. Nadhani lilichelewa kurudi.

Yule mama alitangulia kupanda. Zuhura alikasirika kweli. Kwetu kila mtoto amefunzwa: jua likizama, sauti usiyoijua ikiita jina lako, usiitike. Ukiitika umejitoa.

"Na weye umekwenda kulitaja mwenyewe," akamwambia. "Hata hukuulizwa."

Maryam alicheka. Garini hakucheka tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Maryam hajala. Asema alipokuwa akitawadha kwa ajili ya Magharibi aliitwa kutoka uchochoroni. Hakuitika. Shangazi asema ni muuza maandazi, ana binti naye aitwa Maryam. Huenda.

Asubuhi nilimwonyesha shule, tukiwa nje ya geti. Alishika vyuma akatazama muda mrefu. Akauliza kama maktaba ni kubwa. Nimefurahi. Lakini sipendi anavyogeukageuka.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Dabaso. Lile daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Shangazi alisema turudi mapema. Hatukurudi mapema. Kaka Karisa, kiongozi wetu, alituonya kuwa ni siku za bamvua, maji hujaa upesi na kupanda juu sana, tusishuke chini. Mimi na Zuhura tulibaki nyuma kidogo kupiga picha. Tulipogeuka Maryam hayupo. Viatu vyake vilikuwa juu ya ngazi, vimepangwa pamoja.

Kaka Karisa akashuka kwenye tope, akaita. "Maryamu wee!" Sauti nene ya kutoka tumboni. Kimya. Nami nikaita. "Maryam, kuja! Kuja huku!" Kimya. Jua likazama. Adhana ikasikika ng'ambo. Maji yalikuwa yakipanda mizizi bila sauti yoyote. Kaka Karisa akatoka, akakimbilia mtumbwi. Niliendelea kuita mpaka Zuhura akaniziba mdomo.

"Nyamaza. Anakusikia. Ndiyo maana haitiki."

Nikaelewa. Kwake sauti hii ilikuwa ya mtu asiyemjua. Ningeita mpaka azame, na kila nikiita ningezidi kumnyamazisha.

Zuhura akasema, usimtaje jina. Nikakumbuka mchezo wetu wa kujificha, nyuma ya nyumba ya bibi yake. Mtafutaji huita, aliyejificha hujibu.

"Kibe!"

Hakuna.

"Kibe!"

Ikaja nyembamba, karibu mno, upande wa kushoto.

"Bado."

Nililia huku naita. Kibe, bado, kibe, bado, mpaka mtumbwi ukamfikia. Alikuwa amekumbatia mkoko, maji kifuani. Kaka Karisa asema alipita karibu naye mara mbili, angenyoosha mkono angemgusa. Hakumgombeza. Alimvua kamba za mwani mabegani, akampa shati lake.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemwuliza Maryam kwa nini alishuka. Alinitazama kama mtu aliyetaniwa vibaya.

Asema nilimwita mimi. Nilikuwa mbele, ndani ya mikoko. "Yakhe Maryam, njoo." Sauti yangu ile ya zamani. Kwa hiyo alipoisikia ya nyuma, ikisema kuja, akajua hiyo ndiyo ya uongo.

Sikumwita. Zuhura alikuwa nami.

Shangazi asema tusitie watu hofu. Wavuvi wa Kipemba hupiga kambi upande ule, na wake zao hutafuta chaza. Mwanamke mmoja alikuwa akimwita mwenzake, basi. "Wapemba hujuana kwa vilemba," akasema, "na mtoto kaijua lugha ya kwao akaifuata." Nilishika hilo kwa mikono miwili.

Mchana nimempigia simu Kaka Karisa kumshukuru. Nikamwuliza kambi iko wapi. Asema walishaivunja tangu mwezi uliopita, wakarudi kwao wote.

Sijamwambia Shangazi. Maryam pia sijamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Wameondoka. Maryam alinikumbatia kwa nguvu. Habari ya Januari hakuitaja, nami sikuuliza. Alisema tu nikimpigia simu, iwe mchana.

Nimetandua kitanda. Chini ya mto nimekuta kanga yake, imekunjwa vizuri. Sijui ameisahau au ameiacha. Nimeirudisha hapo hapo.

Nimejaribu kusema "yakhe, njoo" peke yangu, mbele ya kioo. Imetoka kama ya mtu mwingine.

Jua limezama. Shangazi ananiita kutoka uani. Ni yeye, naijua sauti yake. Nangoja arudie.