Upepo wa Kinanda Chetu

Nyakwara Akinyi, mjukuu wangu,

Hapa Homa Bay sote tu wazima. Mamako amevuna mtama, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza mbona kwenye video ya kuzindua kinanda cha parokia sionekani nimeketi mbele na wazee wenzangu. Basi sikiliza.

Kinanda kile cha mabomba hakilii bila upepo. Nilipokuwa msichana, wanaume ndio waliosukuma mvukuto wake kwa mpini wa mbao, tena kwa fujo, sauti ikawa inatetemeka. Jumapili moja wote walikuwa Awendo wakikata miwa. Padri akauliza, "Nani atasukuma?"

Nikajibu, "Mimi. Si kila siku nasaga wimbi?"

Nikasukuma kwa mwendo ule ule wa jiwe la kusagia: polepole, bila kusimama. Sauti ilitoka nyororo hadi kwaya ikageuka kunitazama. Tangu hapo mpini ukawa wangu.

Juzi fundi alipokikarabati aliweka ngozi mpya na mota ya umeme, akataka kuung'oa mpini. Nikamwambia, "Huo uache, mwanangu. Hauli chakula cha mtu."

Siku ya uzinduzi, katikati ya wimbo wa kwanza, stima ikapotea. Kinanda kikanyamaza. Fundi akashika kichwa. Mimi nikafunga leso kiunoni, nikaenda nyuma.

Itazame tena ile video. Pale akina mama wanapopiga vigelegele, taa zimezimika na kinanda kinalia. Upepo ule ni wangu.

Dani, nyanya yako