Sanduku la Maoni

Makole, Alhamisi jioni

Wala sijutii, tena ningeandika zaidi. Bosi wetu kijana karudi kutoka semina ya uongozi na sanduku la maoni. "Andikeni kwa uhuru, msiweke majina," akasema. Nami nikachapa: Mkuu amwamkie mzee mlinzi anapopita getini.

Mjinga mimi! Ofisi nzima ina mashine moja ya kuchapa, na mchapaji ni mimi.

Leo kaisoma karatasi yangu mbele ya wote, akanikazia macho. "Bi harusi, ndoa imekupa ulimi?"

"Hapana, bosi. Ulimi nilikuja nao."

Watu wakainama kuficha vicheko. Mimi nikakumbuka kuwa ombi langu la likizo liko mezani kwake tangu juzi, na mume wangu, kipenzi changu, yuko Bahi anapima mashamba ya mpunga.

Akalisaini kwa hasira. "Nenda, mumeo akakufunze adabu!"

Adhabu gani tamu hivi! Semina haikumfundisha hata kuadhibu.

Saa ya kutoka nikamsikia getini: "Shikamoo, mzee." Sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

Mume wangu, injika wali. Mwezi huu hauishi sijafika mlangoni pako.