Dada Kalala, Mimi Nachora

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa tena! Mtihani wa kuingia chuo cha usanifu majengo ni Jumamosi ya tarehe 22. Hesabu asubuhi, kuchora mchana. Mwaka jana hesabu nilipita kwa sababu ya Dada, maana ndiyo anayofundisha shuleni kwao. Kuchora kukanitoa. Dada kapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Na tumbo lile la miezi minane! Shemeji kamwambia akae chini kabla hajatuletea mtoto sebuleni.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji ni mwokaji mikate. Leo karudi na ubao wa kuumulia unga, kazini walitaka kuutupa. Kaupiga msasa jioni nzima. Sasa nina ubao wa kuchorea! Unanukia hamira, kila nikishika penseli njaa inaniuma. Nikamshukuru. Kasema shukrani niweke, nikishakuwa msanifu nimchoree jiko la mikate lisilomchoma mgongo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwonyesha Dada michoro yangu. Ukumbi, ngazi, madirisha – mistari yote inakimbilia nukta moja, safi kabisa, mwenyewe najisikia. Kaangalia weee. Kisha:
– Hapa wamehama?
– Nani?
– Wenye nyumba. Sioni hata kandambili mlangoni.
Nikanuna. Nimekula nimenuna, nimeosha vyombo nimenuna. Halafu nikakumbuka: mwaka jana mtahini aliniuliza nani anakaa humu. Nami nikamtajia urefu na upana wa chumba!

Jumanne, 11 Machi
Presha ya Dada imepanda. Daktari kasema alale tu, asiinuke ila kwenda msalani. Yeye asiyejua kukaa kitako! Kupika, kufua, kufagia – vyote vyangu sasa. Leo nimechora sufuria ikichemka, basi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia Dada naacha, mtihani nitafanya mwakani. Shemeji anashinda kazini, nani atamwangalia? Nilidhani atafoka. Kaongea polepole, na hiyo ndiyo ilinitisha.
– Usimbebeshe mwanangu lawama hata hajazaliwa.
Ndipo akajiweka sawa kwenye mto:
– Haya, lete huo ubao. Nimekatazwa kutikisika. Utampata wapi mtu wa kumchora bure, tena anayetulia hivi?
Tumecheka mpaka nikaogopa presha.

Jumapili, 16 Machi
Kila siku nachora chumba chao. Dada kitandani, miguu imevimba, iko juu ya mto. Chandarua kimefungwa fundo. Madaftari ya wanafunzi chini ya shuka – anasahihisha kwa siri, anadhani sioni.
Leo nimeona kitu. Dirisha liko juu mno! Akilala haoni nje hata kidogo, anaona ukuta tu, mchana kutwa. Ningejenga mimi, ningelishusha hadi usawa wa mto. Nimeingia chumba kile mara ngapi? Sikuliona mpaka nilipomchora yeye. Nimebaki na penseli hewani kama zuzu.
Asante, Dada. Sijamwambia. Atavimba na kichwa, kama miguu haijatosha.

Jumatano, 19 Machi
Shemeji kaomba likizo, kachukua jiko ili nipate kuchora. Wali umeungua. Mwokaji mzima! Tumekula wote, na Dada kaomba kuongezewa. Sijui nimewatendea nini watu hawa.

Jumamosi, 22 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kuchorea. Hesabu imeisha – vizuri, nadhani.
Asubuhi nafunga kamba za viatu, Dada kaita. Chupa imepasuka. Mapema hii! Shemeji kaita teksi, nikaingia nao. Tulipofika njia panda ya chuo, Dada kamwamuru dereva asimame.
– Shuka.
– Sishuki, Dada.
– Mimi nina daktari, nina mkunga, nina mume. Wewe mle ndani nani atakufanyia? Shuka, unanichelewesha!
Dereva mwenyewe kazunguka kunifungulia mlango. Nimelia hadi getini. Kisha nikaingia, nikafanya hesabu alizonifundisha yeye.
Mapumziko nimempigia Shemeji. Hapokei. Nimepiga tena. Hapokei.
Binti aliyekaa pembeni yangu, hata hatujuani, kanipa nusu ya mkate wake. Nimeula. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi na wala sikujua.
Msimamizi, mama wa makamo, kapita na kikapu cha kukusanyia simu. Nikamweleza. Kasema sheria ni sheria, yangu nayo iingie kikapuni – ila nisiizime. Kakiweka kikapu mezani kwake, pale mlangoni.
Wa mbele wameanza kuingia.
Inaita! Ni yangu!
Msimamizi kaitazama, kanitazama. Kapokea yeye. Anasikiliza. Benchi zima limegeuka kumtazama, hata wasiojua kinachoendelea. Anaguna. Anaguna tena. Uso wake siusomi kabisa – sasa ananipungia mkono niende pale mezani kwake.
Binti kachukua penseli zangu. Kasema niende tu, nafasi yangu haikaliwi na mtu yeye akiwepo –