Papa Anselme Aliomba Ruhusa

Panda, Likasi
Jumapili alasiri

Kwako Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, wewe, shemeji na watoto. Goti la Mama limepoa? Kikohozi changu kimepungua, ingawa vumbi la chokaa halimwachi mtu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba changu kimepakana na cha mlinzi wa kampuni, na ukuta wetu ni mwembamba. Dereva wa parokia anayekuja Kalemie ndiye atakayekupa bahasha hii.

Uliniuliza imekuwaje mimi, karani wa tanuru la chokaa, nifundishe Kiingereza. Ni hivi. Msimamizi mpya aliyetoka ng'ambo aliamua kwamba kila wajibu na kila fadhila ndogo pale kazini isemwe kwa Kiingereza, ingawa hata yeye hakuzaliwa nacho. Akaniamuru niandike ubaoni maneno mawili. "Must" ni lake yeye: lazima uwahi, lazima uvae kofia, lazima unyamaze. "May" ni la wafanyakazi: anayetaka kunywa maji, kwenda chooni au kutoka getini aombe kwa neno hilo, la sivyo hajibiwi. Kila asubuhi nawapanga watu wazima mbele ya ubao, nao wanaitikia kama watoto wa komunyo. Fundi mmoja aliniambia, "Karani, ile ya lazima tulisha kuijua. Iyi ya kuomba, utatufundisha na ya kupata?"

Nilicheka nao. Sasa sicheki tena. Nimemwona mzee mwenye wajukuu akibana miguu, akitafuta neno la kigeni ili aruhusiwe kwenda haja, na msimamizi akimtazama tu. Yaya, hiyo ni adabu ya wapi?

Alhamisi, Papa Anselme, anayepakia mawe tanuruni, aliletewa habari kwamba mkewe ameanguka sokoni na kupelekwa hospitali. Alikuja ofisini kwa msimamizi, nami nikiwapo, akavua kofia, akainama, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyofanya kwao mbele ya chifu.

"Chef, minaomba ruhusa. Muke yangu iko ku hospitali."

Lile neno la ubaoni lilimtoka kichwani, na katika hali ile nani angelikumbuka? Msimamizi aliyaona makofi yale kuwa dhihaka. Nilitaka kumweleza kwamba ni heshima, nikainamia daftari langu. Akaelekeza kidole kwenye ubao. Papa Anselme akainama zaidi, akapiga makofi tena, akarudia maneno yaleyale. Msimamizi akageukia kompyuta yake. Mzee alingoja kitambo, kisha akaenda kwa mkewe. Mama yule anaendelea vizuri, Mungu asifiwe.

Ijumaa nilipewa karatasi niitie sahihi kama shahidi, kwamba Papa Anselme aliacha tanuru bila kuomba. Wakitaka kumfukuza, karatasi hiyo inatosha. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba aliomba, mimi nilikuwepo. Msimamizi akanijibu kwamba yeye hakusikia ombi lolote, kisha akaongeza, "You must sign." Kumbe lile neno la lazima lilikuwa langu pia.

Unaujua woga wangu, Yaya. Ni wewe uliyekuwa ukinisindikiza hadi mlangoni mwa maungamo. Usiku kucha nilijiambia nitie sahihi tu, nifikirie dawa za Mama. Lakini jana asubuhi niliiacha karatasi yake tupu, nikaandika yangu. Niliandika kwamba Papa Anselme aliomba ruhusa mara mbili, kwa Kiswahili, na kwamba msimamizi anakielewa, kwa kuwa ndicho anachoagizia chai kila siku. Nikatia sahihi na jina langu lote. Niliiweka mezani kwake, na nakala nikampa Papa Anselme aipeleke kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Mwandiko si mzuri, lakini unasomeka.

Nisalimie shemeji wetu mwalimu, shangazi anayeongoza kwaya, na jirani yetu mshonaji aliyenishonea suruali ya kuanzia kazi. Mama usimwambie bado.

Ukiipata barua hii nitakuwa nimeshajua kama nina kazi. Ukinipigia simu, usiniulize kwa nini sikunyamaza. Niulize tu kama nimekula.

Mdogo wako mwenye hofu,
Fidèle