Mtoto wa Nuru Hayupo

Mjomba Allahditta,

Salamu nakunyima, ukizitaka, ziko kwa mama. Mimi mzima, na kwa kurusha mpira wa kriketi Multan nzima hainiwezi.

Unaniita kwenye sikukuu ya walii, eti watu wanamuulizia "mtoto wa nuru". Mpira uliponigonga jichoni nikaanza kuona mimweko kama ya radi, mama alitaka twende hospitali. Ukamwambia, "Dada, acha ujinga! Huyu kaguswa na walii." Ukanikalisha kaburini kwa walii na shali ya kijani, watu wakaniletea halua, nusu ukala wewe. Hata pazia jeusi liliposhuka jichoni ukasema, "Nyamaza, bwana mdogo, ndiyo baraka inaingia."

Daktari kasema ile mimweko ilikuwa utando wa ndani ya jicho ukivutwa na kuchanika. Tungewahi, angeuziba. Jicho la kulia ndiyo basi tena.

Waambie watu wako nuru imezimika. Nawe usikanyage kwetu. Jana nimelenga kopo kwa mpira, kwa jicho la kushoto tu, likaanguka mara ya kwanza, na kichwa chako kikubwa kuliko kopo.

Mpwa wako, asiye walii,
Bakhtawar